Msalaba Juu ya Baba Yangu

Baba, shikamoo.

Nina hasira, na wa kumwambia ni wewe tu. Wamekusimikia msalaba. Wa zege, umenizidi urefu, umepakwa chokaa, na jina lako limeandikwa kwa rangi nyeusi, na Mheshimiwa mbele yake. Wewe! Myahudi wa Karatu, mtoto wa Myahudi aliyetoka Yemen akaishia Arusha. Wewe uliyefunga duka kila Ijumaa jioni, hata mvua za kwanza zikinyesha na watu wa Endamarariek wamejaa barazani wakitaka mbegu. "Mungu wa mvua ndiye Mungu wa Sabato," ulikuwa ukiwaambia huku unageuza ufunguo. Walisonya, na Jumapili baada ya misa wakarudi kwako.

Na ndio haohao waliokupa ubunge. Mpinzani wako alipanda jukwaani akauliza, mtu asiye na kanisa wala msikiti ataapa kwa nini? Ukajibu utaapa kwa Mungu yuleyule anayewanyeshea wote. Mimi nilikushikia kipaza sauti, nikajua leo tunapigwa mawe. Wakapiga vigelegele.

Basi nikuambie. Ulifariki Alhamisi alfajiri, nikakuzika Ijumaa kabla ya jua kuzama, kwa sanda nyeupe, ubavuni kwa Mama, kama ulivyoniusia. Jamani, nilivyosemwa! Mbunge mstaafu azikwe mbio hivyo, watu wasiage? Wazee wa Piyaya walifika Jumapili na kondoo wao, wakakuta udongo umeshaanza kukauka. Yule uliyemhangaikia lambo la ng'ombe alikaa chini akalia. "Umemficha baba yetu," aliniambia. Neno lile linanichoma hadi leo.

Kila nikija kaburini naweka jiwe, alama kwamba nimefika, kama ulivyonifundisha. Kila nikirudi, halipo. Nikawalaumu wachunga mbuzi. Kumbe ni akina Mama Neema wa kile kikundi cha maji ulichokianzisha, wanakuja kufagia. Kwetu huku jiwe ni la kutupwa pembezoni mwa shamba. Wao waliona kaburi la mzee wao limetelekezwa, limejaa mawe, na binti yake hajali. Ndipo wakachanga, wakajenga, wakamwita padri aje kesho Jumamosi kulibariki.

Nimelia, Baba. Nikiung'oa, nawatukana watu waliokupenda. Nikiuacha, pale panakuwa pa mtu mwingine, wewe sijui uko wapi.

Jana nikamfuata Mama Neema nyumbani kwake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakanitoka. Nikasema tu, "Mama, Jumamosi Baba hafungui."

Akanitazama. Mlango wa duka ulimfungia mara ngapi, unajua mwenyewe. Akacheka, halafu uso ukamkunjamana. "Kwa hiyo tumemvika mzee nguo isiyo yake," akasema. Nilipotaja vijana wa kuja kuung'oa, akanikemea, "Usiuguse! Tuliusimika sisi, tutautoa sisi." Anataka wakwangue jina, wauhamishie kwa Mama yangu hapo ubavuni mwako, maana yeye alikuwa Mkristo na msalaba wake wa mbao umeliwa na mchwa.

Si wote kikundini wanakubali. Wengine wanasema kwanza nilikuficha, sasa nakutenga nao. Padri ameombwa asubiri; watakutana Jumapili, na sijui wataamua nini.

Ila jana jioni nilipokuja kwako nilimkuta Mama Neema ameshafika. Alikuwa pembezoni mwa shamba, ameinama, anaokota yale mawe aliyoyatupa kwa mkono wake, anayakusanya kwenye kanga. Akaniuliza, "Haya yanapangwaje?" Nikamwambia hayapangwi, yanawekwa tu. Akaweka moja, akachukua la pili kwenye kanga.

Naandika haraka hapa dukani kwako, jua linashuka na leo Ijumaa. Wateja wako nje wananigongea. Lala salama, Baba yangu. Nitakufungia mlango huu kila Ijumaa nikiwa hai, wasonye wee mpaka wachoke.

Binti yako,
Raheli