Mto wa Mgeni

Burulai, uko? Usinipigie, nitalia. Soma tu.

Leo si ndiyo nimerudi karakanani kwetu Kochkor, kwenye mazulia ya sufu. Daktari aliyenitoa titi karuhusu mwenyewe: fanya kazi, ila taratibu.

Nafika tu, Uulkan ananivuta hadi mkabala na mlango, pale anapokalishwa MGENI. Mto mgongoni, chai na maandazi ya boorsok mbele yangu. "Kaa, dada, pumzika." Mgeni! Mimi niliyewafundisha kazi wanawake wote hapa!

Nikausukuma mto, nikapiga magoti kwenye mstari wao. Sufu imeshamwagiwa maji ya moto, tukaanza kuibiringisha na kuikandamiza kwa mikono ili ishikane iwe zulia. Shoga, mkono wa upande uliokatwa haukuuma! Nikajiambia nimepona. Nikaimba, Burulai. Nikaimba!

Tukakunjua. Zulia likamomonyoka kama mkate uliolowa chai.

"Limekuwaje?" nikauliza. Wote macho chini. Ndipo Uulkan akasema, "Tulikuwa tunalegeza mikono, dada. Tungekandamiza kwa nguvu, na wewe ungekandamiza, ukaumia."

Wamelegeza! Wote! Na mimi hapo naimba!

Nikawaambia, "Saratani imechukua titi. Nyinyi mnataka mchukue na kazi?" Uulkan akaangua kilio, eti nimbembeleze mimi!

Tumeanza upya. Safari hii wamekandamiza kweli, na mimi nimekandamiza kweli. Sikuimba.

Sasa mkono wa kulia unawaka moto, nakuandikia kwa kushoto. Lakini zulia limeshikana, halichaniki hata ulivute kwa farasi.

Na wewe ukinijibu "pole", nakufuta kwenye simu.