Zamu ya Erasto

Jumatatu, 9 Oktoba 2023

Kaka Erasto kapiga simu. Haji Jumamosi. Likizo imesitishwa — mabwawa ya umeme yamepungua maji, mitambo ya gesi kule Dar anakofanya kazi ndiyo imebeba mzigo, na mmoja uko kwenye matengenezo. Mafundi wote kazini. Nikamwambia mapafu ya Mama hayajui likizo. Mama alisikia yote. Kageukia ukutani na mipira yake ya oksijeni puani, hata maziwa hakugusa.

Nimemkasirikia kaka. Sana.

Jumatano, 11 Oktoba

Mgao wa umeme. Mtaa wetu wa Makandana wote kimya. Mashine ya oksijeni ikapiga mlio, ikazima. Nikakimbilia mtungi wa akiba — koki imekaza, midomo ya Mama inabadilika rangi. Nikaita dirishani. Sadick, jirani yetu fundi wa kuchomelea, akaacha geti la mteja lilivyo, akavuta waya kutoka kwenye jenereta lake mpaka chumbani kwetu. Mashine ikanguruma. Mama akavuta pumzi.

Nilitaka kumpa angalau mafuta ya jenereta. Kakataa. Anasema alipohamia hapa na mkewe Nasma, hawajui mtu, Mama ndiye aliyewapelekea ndizi za kwanza.

Umeme umerudi jioni. Waya kauacha hapo hapo mlangoni.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mama amekula. Viazi na maziwa. Asante Mungu.

Jumamosi, 14 Oktoba

Leo ndiyo kaka alikuwa afike. Badala yake kapiga simu ya video, kofia ngumu kichwani. Amekonda. Akamwonyesha Mama mtambo, mrefu kama basi, kelele tupu. Mama akauliza unakula kuni gani. Kaka akaeleza: gesi inachimbwa kusini, inakuja kwa bomba, inawaka humo ndani, na moto huo ndio unaouzungusha. Hausubiri mvua. Ila siku hizi ukisimama mmoja tu, kuna watu wanakaa giza.

"Kwa hiyo hewa yangu inatoka kwako," Mama akasema.

Kaka akasema hapana, umeme wote unachanganyika njiani, hakuna anayejua wa nani umefika wapi.

"Mimi najua. Baki hapo, mwanangu."

Simu ilipokatika alilia kidogo, kisha akaomba chai. Hasira yangu sijui imekwenda wapi.

Jumatano, 18 Oktoba

Mtambo umepona! Kaka kapewa ruhusa, kesho alfajiri anapanda basi. Lakini Mama anapumua kwa shida. Daktari anataka alazwe. Mama anasema atakwenda, ila akishamwona Erasto.

Alhamisi, 19 Oktoba

Basi limeshapita Isongole, karibu linafika. Sadick yuko stendi na pikipiki kumpokea. Nasma kapika uji. Begi la hospitali liko tayari.

Mama kataka tumkalishe, tumfunge kitenge kipya. Pumzi fupi mno. Akaniuliza nani kabaki kwenye mtambo. Nikampigia kaka. Anaitwa Godwin — kaahirisha likizo yake mwenyewe akashika zamu.

"Godwin ana mama?"

Anaye, kaka akasema. Yuko Singida.

Mama akafumba macho, akaanza kuwaombea Godwin na mama yake kwa Kinyakyusa. Ndaga, Kyala — asante, Mungu. Neno, pumzi. Neno, pumzi. Naandika huku nimemshika mkono.

Pikipiki imeingia uani. Mama bado anaomba, hajafika amina —