Picha ya udongo wa Kahe

Jumanne

Bado simwamini Aloisi. Tangu mume wangu afariki, shemeji yangu huyu analima shamba letu la Kahe kwa trekta lake bila kuniuliza. Sasa kaleta wataalamu wapime udongo, eti ananisaidia!

Walipigilia bomba kwenye ile ardhi kavu, wakalitoa limejaa udongo, wakalipeleka Moshi kwenye mashine inayopiga picha za ndani, kama ile ya hospitali. Leo nimeng'ang'ania kwenda kuiona picha mwenyewe.

Juu kulikuwa na vitundu vyeusi, ndiyo hewa. Chini kidogo, peupe tupu.

"Hapa udongo umeshindiliwa, mama. Mizizi haipiti," alisema dada mtaalamu.

Aloisi akadakia, "Si nilikwambia? Shamba limekufa. Wewe baki na migomba yako Kibosho, hili niachie mimi."

Shamba lililokufa analitakia nini?

"Sijasema limekufa," dada akamkatiza. "Ni uzito wa trekta. Mkilipasua kwa kina kabla ya mvua, litazaa."



Sikugombana na Aloisi. Nimefunga godoro na sufuria mbili. Kesho nahamia Kahe.