Magugu ya bwawani

Jumamosi, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka.

Mabega yananiuma, na kosa ni langu. Leo, kwenye bwawa nje ya Lilongwe, mtumbwi wetu ulikwama katika magugu mazito. Nilimwamuru mkwe wangu, mume wa binti yangu, apige kafi kwa nguvu zote, kama nilivyozoea kule Ziwa Kivu. Magugu yakalishika kafi, mtumbwi ukalala upande, maji yakaingia. Tulinusurika kwa kurudi kinyumenyume, taratibu, tukijisukuma kwa upondo.

Ufukoni nilimuuliza kama alijua hatari ile.

"Nilijua, papa. Lakini we njo mukwe, baba ya bibi yangu. Nitakukatalia namna gani?"

Kijana wa watu hajui kuogelea.

Kabla hatujarudi majini, itanibidi nimfundishe kunikatalia. Sijui nitaanzaje. Mimi mwenyewe sikuwahi kumkatalia baba mkwe wangu.