Jina Langu si Langare

Garissa, Alhamisi, Februari 1998. Joto la leo halina adabu, hata kalamu inateleza mkononi.

Nimechoka, daftari. Sio miguu. Miguu ni mizima.

Mwaka jana, kwenye mbio za mkoa, msuli wa paja ulinibana nikiwa naongoza. Nikamaliza nikichechemea, wa mwisho. Sijafika hata nyumbani, mji ulikuwa umeshanipa jina: Langare. Kwa Kisomali, mwenye kuchechemea. Ndivyo tulivyo, kasoro ya siku moja unabandikwa hadi kaburini. Abti, yaani mjomba wangu, anaitwa Dhegoole, kiziwi, kwa sababu utotoni aliumwa masikio wiki moja. Anasikia kuliko sisi sote.

Paja lilipona zamani. Lakini kila asubuhi nikikimbia barabara ya uwanja wa ndege, kina mama wa maziwa ya ngamia wananipigia kelele: "Langare! Leo mguu inasema nini?" Nacheka nao. Nikirudi nyumbani sina hamu hata ya chai.

Leo nimeshindwa kucheka. Kocha wetu, mwalimu kutoka Kitui, hajui Kisomali. Aliwauliza wenzangu jina langu la pili, nao, wajinga wale, wakamwambia. Akaliandika kwenye orodha ya mbio za Jumamosi: Abdi Langare. Akanionyesha kwa furaha. "Jina zuri hili," akasema. "Jina la mkimbiaji kabisa."

Nikamwambia sikimbii. Nikamrudishia viatu vyake vya misumari, nikaondoka bila kueleza.

Nyumbani nilijifungia nikalia. Kimyakimya, nikidhani hakuna anayenisikia.

Abti akabisha. Alisimama mlangoni akaniita vile mjomba humwita mpwa wake kwetu, kwa cheo chake mwenyewe: "Abti, mimi naitwa kiziwi miaka hamsini." Halafu akaenda zake kuswali.

Nina hasira na mji huu, na mwalimu, na mimi mwenyewe zaidi. Maana nikisimama kwenye mstari wa kuanzia, kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, mimi ndiye wa kwanza kujiita Langare.

Kesho baada ya swala ya Ijumaa nitavifuata viatu, kama hajampa mwingine. Nitamweleza maana ya jina, kisha nimwombe asilifute. Wacha Jumamosi litangazwe kwa kipaza sauti, mji mzima usikie.

Nataka kujua kama nami ninaweza kuwa kiziwi kama abti.