Mtoto wa Tatu wa Mwanamfalme

Jumatatu, 6 Novemba 1995
Ukurasa wa watoto wa mwanamfalme, mara ya sita. Nimeupiga taipu tangu asubuhi, supu iko jikoni. Padri anasema mikono yake inatetemeka. Ulimi hautetemeki hata kidogo. Ujanani alikaa China, wakamfukuza, akaja kwetu Butembo, akakaa miaka thelathini. Sasa tuko kwao Ulaya, Etterbeek: namfulia, namlisha, namwandikia kitabu chake juu ya mwanamfalme mmoja wa China na ukoo wake. Nimemchoka huyo mwanamfalme.

Jumanne, 7 Novemba
Daftari la ukoo linataja wana: wa kwanza, wa pili, wa nne, wa tano. Wa tatu hayumo. Padri kaamua karani alikosea, wa nne awe wa tatu. Nikakataa. Sisi Wanande tunawaita watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa. Kambale, wa pili, haji bila Paluku, wa kwanza, kumtangulia.
"Bon, Masika, weye unajuwa nini ya Pekin?"
"Pekin siijuwi, Padri. Kuhesabu batoto, ile najuwa."
Hakula supu. Shauri yake.

Alhamisi, 9 Novemba
Kamfuta tena wa tatu. Bila karatasi hakuna mtu, anasema. Jumapili anakuja Madame anayekaa Koekelberg, mtu wa ukoo ule, mwenye daftari na picha. Asiporidhika hakuna kitabu, na Padri ana miaka themanini na minne. Analijua hilo. Ndiyo maana kanuna. Na mimi nimenuna.

Ijumaa, 10 Novemba
Niseme ukweli. Mwanangu Kambale yuko Butembo kwa mama yangu. Kabla yake alikuwepo Paluku. Siku tisa. Kila fomu ya hapa naandika mtoto mmoja, na kila mara najichukia.

Jumamosi, 11 Novemba
Nimemrudisha bila ruhusa. "Wa tatu: alikufa mchanga." Nikafunga bahasha ya Madame. Potelea mbali.

Jumapili, 12 Novemba
Aibu! Madame alisoma kwa kidole, akafika pale, akavua miwani. Wa tatu hakufa mchanga, akasema. Alitolewa kwa baba yake mdogo asiyekuwa na mwana, ndiyo desturi yao. Akaandikwa mtoto wa kule, nambari yake huku ikabaki wazi. Ndiye baba mzazi wa Madame. Alizeeka, akazika meno yake yote kabla ya kuzikwa yeye, na mimi nimemuua mchanga! Nilitamani ardhi ipasuke. Madame akacheka mpaka akalia, halafu akawa analia tu. Hakuna aliyewahi kumwachia baba yake nafasi, alisema. Rekebisheni, nitatia sahihi. Miaka minane Padri anaandikiana naye, hakumuuliza hata siku moja ni binti wa nani. Mwanaume huyu!

Jumatatu, 13 Novemba
Mvua. Mara ya saba, na Padri hakubadilisha kitu. Alasiri aliniuliza, taratibu, kama Kambale wangu alikuwa na mkubwa wake. Miaka mitano niko naye, leo ndiyo mara ya kwanza. Nikamwambia. Akauliza alifanana na nani.
Baba yake, nikasema. Masikio hasa.