Titi la Ulezi

Alhamisi, Mbale. Mvua imekatika tangu juzi na mlima umejitokeza wote, kama mdeni aliyesikia uko safarini. Hasira: ipo, inatosha mtaa mzima.

Kwa heshima zote, na kwa masikitiko yanayostahili, nawatangazia ndugu, jamaa na madereva wote wa barabara ya Kenya kwamba titi langu la kulia limeota. Limetoa vimizizi vyeupe pande zote. Liliondolewa rasmi siku ya Jumanne, jikoni kwa wifi yangu, mbele ya mashahidi wawili. Hakukuwa na hotuba.

Si lile nililozaliwa nalo. Lile lilikatwa hospitalini miezi saba iliyopita pamoja na saratani yake, na hakuna aliyeniambia lilipelekwa wapi. Nasema la pili, nililolishona mwenyewe kwa kitambaa cha pamba na mshono wa kurudia, ndani vikombe viwili vya ulezi. Kazi yangu Jinja ni kushona viti vya malori. Madereva wananiita Mama Viti. Nilianza na sifongo. Sifongo haina uzito, unaondoka nayo kifuani unafika nayo begani. Ulezi una adabu. Unashika joto la mwili, na ukiinama nao unainama.

Nimekuja Mbale kwa wifi Zaituni, dada mkubwa wa mume wangu, kutafuta utulivu. Nimeandika sentensi hiyo bila kucheka.

Daktari anataka jibu kesho, Ijumaa. Anasema anaweza kunitengenezea titi jingine: anachukua nyama ya mgongo, anaipitisha chini ya kwapa, anaileta mbele, anaifinyanga. Nikamuuliza mgongo utabaki na nini. Kovu dogo, anasema. Mimi ni fundi. Mteja akiniletea kiti kimepasuka mbele, nikamkatia cha nyuma ili kuziba, atanirudishia kiti na matusi ya Mombasa juu yake. Lakini daktari ana cheti ukutani, na mimi nashonea barazani, sina hata ukuta.

Halafu akasema: "Shukuru mama, moja limebaki."

Ningekuwa na ile sindano yangu ya viti, iliyopinda, asingefika kwenye nukta.

Kila mtu ana jibu la kifua changu. Kina mama wa kikundi cha wagonjwa wanasema jikubali, Mungu hakukosea. Zaituni anasema tengeneza haraka. Mume wangu Hamisi anasema, "Ukitaka, nataka. Usipotaka, sitaki." Mlango usio na bawaba una msimamo kumzidi. Nikisema ndiyo, Zaituni ameshinda. Nikisema hapana, kina mama watanipigia makofi na kuniita shujaa, na hilo ndilo sitalistahimili.

Natafuta jibu litakalowaudhi wote kwa usawa.

Sasa nakiri. Naweza, kwa sababu Zaituni hasomi Kiswahili. Akikisikia tu anasikia buti za wanajeshi waliotutawala nacho zamani. Mimi nilikiokota kwa madereva, neno moja kwa kila kiti, na hapa ndipo mahali pekee ambapo ukoo hauwezi kunifuata.

Nilikuwa nitasema ndiyo. Mpaka Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeshaamua. Si kwa ajili ya Hamisi, asijipe umuhimu. Kwa ajili ya gomesi, gauni letu la sherehe. Gomesi linataka kifua kilicho sawa. Bila hivyo upande wa kulia unazama kama kiti cha utingo. Na pia kwa sababu naoga nikiligeuzia beseni mgongo. Maji yakitulia yanaonyesha, na mimi sitaki kuonyeshwa.

Hilo sijamwambia mtu.

Jumamosi hiyo kovu lilikuwa linawasha. Nikavua, nikalala kidogo mchana. Nilipoamka, Zaituni alikuwa ameshafua kila kitu alichokiona, pamoja na titi, ulezi ukiwa ndani.

"Liko wapi?"

"Linakauka," akasema, bila kuniangalia.

Nyumba hii ina sheria. Nguo ya ndani ya mwanamke haianikwi wanaume waione. Inaanikwa chini ya leso, au chini ya shuka. Siku hiyo mvua inanyesha, kamba haina kazi, na wanawe wakubwa watatu wanaingia na kutoka. Zaituni akaona titi la wifi yake haliwezi kuning'inia popote. Akalitia kwenye kikapu, likiwa limelowa, akaliweka karibu na jiko, akafunika kwa gunia. Heshima ikalindwa siku tatu.

Mwanamke yeyote wa mlimani angemwambia anatengeneza nini. Ulezi uliolowa, joto, giza, gunia. Lakini Zaituni hajawahi kuruhusu pombe ivuke kizingiti chake, kwa hiyo hajawahi kujua inavyoanza.

Jumanne akaja jirani, Mama Nambozo, Mkristo, anayepika malwa, pombe ya ulezi, kuliko wote mtaa huu. Alikuja kuazima sufuria. Akasimama mlangoni, akanusa. Akaenda moja kwa moja kwenye gunia, akafunua.

"Zaituni! Kimea kizuri hivi, na mimi nahangaika sokoni? Nani kakufundisha?"

"Astaghfirullah! Si kimea hicho, ni titi la wifi yangu!"

Mama Nambozo akanitazama kifuani. Akatazama kikapu. Akanitazama tena.

"Basi limekomaa," akasema, akachukua sufuria aliyoijia akaenda zake.

Sikucheka. Nilicheka baadaye, chooni, mkono mdomoni.

Zaituni aliona aibu, na aibu yake huwa haikai kimya, inatafuta mtu wa kumpiga. Akaanza. "Si unaona? Hii ya kushona ni mchezo wa watoto. Nenda kwa daktari akupe la kweli. Mdogo wangu bado ana nguvu zake. Mwanamume atalala akitazama upande mtupu mpaka lini, kama shamba la jirani?"

"Mdogo wako anakoroma, wifi. Hatazami kitu."

"Cheka. Ataleta mwingine mwenye yote mawili, utacheka vizuri."

Hapo nikamwambia jambo ambalo sijawahi kumsimulia, ingawa tuna miaka thelathini ya kugombana.

Miaka ile wanajeshi walipotawala nchi, chumvi ilikuwa imepotea. Mama yangu aliipata Jinja, sijui kwa nani, na tulitakiwa kuifikisha nyumbani, upande wa Buwenge. Njiani kulikuwa na kizuizi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na kifua cha ubao. Mama akashona vifuko viwili, akavijaza chumvi, akanifunga ndani ya gauni. Akarudi nyuma hatua mbili kunitazama, akasema, "Hongera, umekua."

Askari wa kizuizini alikuwa kijana. Akanitazama uso, akatazama kifua, akakunja uso kama mtu aliyepewa hesabu isiyolingana.

"Wewe toto. Hii kitu gani?"

"Afande, ni yangu."

"Yako yote mbili?"

Akaingiza mkono. Sitaandika zaidi ya hapo. Alipoutoa alikuwa na kifuko cha kulia, amelamba kidole, anacheka. Wenzake wakacheka. Mama alikuwa anatazama chini, midomo inatetemeka.

"Nimekuachia moja," akasema. "Sema asante."

Nikasema asante.

Tukatembea mpaka nyumbani, mimi na upande mmoja, watu wa njiani wakinitazama. Tulipofika, mama akafunga mlango, akaketi sakafuni, akacheka mpaka akalia, au kinyume chake. Sikumwuliza. Nusu ile ya chumvi tuliigawa na majirani, na hakuna hata mmoja aliyetaka kujua ilisafiri vipi.

 Nikangoja dua, au methali. Zaituni akasema tu, "Sisi mwaka ule tulikula mbegu. Ulezi wote wa kupanda. Baba alikaa anatutazama tunakula, yeye hakula." Kisha akanipokonya lile titi lililoota, nililokuwa nimelitoa kikapuni, akasema chakula hakitupwi, akatoka nacho nje. Nikajua kuku watafaidi.

Ningependa kuandika kwamba hapo nilipata hekima. Sikupata. Nilikumbuka tu kwamba nimeshawahi kutembea hivi, njia ndefu kuliko ya kwenda msikitini, na nikafika. Na siku zile tatu ambazo titi lilikuwa linachipua jikoni, mimi nilikwenda sokoni, nikamenya ndizi, nikagombana na wauza nyanya, upande mmoja mtupu chini ya leso. Waliotazama walitazama. Nyanya sikuzidishiwa wala sikupunguziwa.

Na naogopa kisu. Nisijifanye. Hilo ndilo kubwa.

Lakini lipo jingine, dogo na gumu kama punje. Nimechoka kusema asante kwa kilichobaki. Titi la daktari ningelazimika kulishukuru kila siku, na yeye, na wifi, na mgongo wangu uliokatwa. Lile la ulezi silidai kitu wala halinidai.

Leo saa nne nikampigia nesi. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu alfajiri, yana heshima na sababu nne.

"Nesi, nimelifikiria sana lile jambo la..."

"Mama, ndiyo au hapana? Nina foleni."

"Hapana."

"Sawa." Akakata.

Nikampigia Hamisi. Nikasikia nyuma yake nyundo za gereji. Tangu nitoke hospitali yeye ndiye amehamia upande wa ukutani kitandani, ili asiniguse kovu akigeuka. Hakuwahi kusema, nami sikuwahi kuuliza.

"Kwa hiyo nibaki huku ukutani?"

"Baki."

"Sawa," akasema. "Kuna dereva anakutafuta, kiti chake kimepasuka."

Jumamosi narudi Jinja. Nitanunua ulezi mpya, na safari hii nitaukaanga kwanza, usiwe na mawazo ya kuota. Beseni bado sijaligeukia. Labda. Je, nikiligeukia nitamwona nani, mimi au yule toto wa kizuizini? Sijui, na leo silazimiki kujua.

Nilikuwa naandika haya huku nakunywa uji wa Zaituni, kikombe cha pili, mtamu kuliko siku zote. Nikamwuliza ameweka nini. Akasema ule ulezi wangu ulioota aliuanika juani siku mbili, jana jioni akaupeleka mashineni ukasagwa.

Hakuweka sukari.